Mchinga Yote Iko Mbagala

Mdogo wangu Somoe,

Assalamu alaykum. Unajua nilivyokuja Dar na hasira, mjukuu wetu Hamisi kuolea ugenini. Nani atampigia vigelegele? Subhanallah, Somoe! Ngoma ilipolia hapa Mbagala, uwanja mzima hapakuonekana ardhi, na wote watu wa kwetu Mchinga. Nimeitikia marahaba mpaka koo limekauka. Nikawafokea: "Mmefuata nini huku, mikorosho imewashinda?"

Binti wa Fatu, jirani yetu, akacheka. "Mimi nilimfuata dada, bibi. Dada alimfuata shangazi. Ulibaki wewe tu!"

Nikaingia kucheza mpaka kanga ikalowa.

Ila wewe usithubutu kunifuata. Kaburi la mama atalipalilia nani? Nichemshie muhogo, narudi inshallah.

Dada yako anayekupenda