Panya Waliokutetea

Mama Yusto, mke wangu,

Nakusalimu kutoka Karatu, ambako udongo mwekundu umekwishaharibu soksi zangu nyeupe. Kreta ya Ngorongoro nimeitazama kupitia dirisha la gari, kwa kuwa goti langu limevimba.

Leo asubuhi hotelini asali iliwekwa kwenye meza ya mbali. Sikuinuka, nilikula chapati kavu. Mjukuu wetu Rehema, niliyesafiri naye akiwa likizo ya utafiti wake wa panya, alipoisogeza mbele yangu, nilikula chapati tatu zaidi. Akacheka na kunitania kama wajukuu wanavyowatania babu zao: “Mume wangu, umekuwa kama panya wangu wa maabara.”

Nilimjibu kwamba mwalimu mstaafu hafananishwi na panya. Akaeleza kwamba mwili wenye uvimbe hutoa kemikali zinazoweza kupunguza ubongoni dopamini, ile inayotupa msukumo wa kukihangaikia tunachokitaka. Panya wa namna hiyo hahangaiki kupanda kizuizi afuate chakula kitamu; hutafuna kikavu kilicho karibu. Ukimsogezea kile kitamu, anakila vizuri tu.

“Si mvivu, Babu. Anaumwa.”

Hapo nilikumbuka jino lako lilipovimba. Hukwenda jikoni kuchukua uji wenye sukari, lakini nilipokuletea uliumaliza. Nami nikatamka mbele ya wageni kwamba mgonjwa anayemaliza uji hashindwi kuufuata.

Nilikosea. Panya wamekutetea kuliko mumeo. Nimenunua asali ya hapa, nami nitakuletea hadi kitandani, ingawa jino limepona. Ukinikuta nimeketi nayo mlangoni, ujue goti limenishinda. Njoo na vijiko viwili.

Mumeo akupendaye,
Baba Yusto