Oili Ionekanayo Pikipiki Ikiegemea Ukuta

Kiranjeranje,
Kilwa.
14 Oktoba 2025.

Mpendwa mdogo wangu Jerome,

Salamu nyingi zikufikie huko Chunya, machimboni kwenu. Hujambo lakini? Kile kifua kimepoa, au bado unakohoa vumbi la mawe? Na unakula? Maana wewe ukishika kazi husahau kama una tumbo. Sisi huku tunamshukuru Mungu, tunaamka. Mama goti linamsumbua kila akitoka kuokota korosho, na ukimwambia apumzike anakutazama kama umemtukana.

Utashangaa dada yako kukuandikia barua zama hizi. Nimepiga simu mpaka kidole kimechoka, kumbe nimesahau kwamba mnaziacha getini na kule chini hakuna mtandao. Bahati Tomaso, yule dereva wa lori la chumvi, anapitia Mbeya kuja huko Chunya, na ameahidi kuifikisha mkononi mwako mwenyewe. Ukiisoma usiikunje ukalale. Panda mlimani kwenye mtandao upige simu.

Mkeo Stella hajambo, ila tumbo limeshuka na miguu imevimba. Muuguzi wa zahanati ameshasema: mtoto wa kwanza alitoka kwa kupasuliwa, huyu asizaliwe hapa, apelekwe Lindi hospitali mara uchungu ukianza. Mipango mliyopanga ninyi wawili ni ile ile. Mdogo wetu Fidelis atampakia kwenye pikipiki yako kubwa, eti inapita kwenye mashimo kwa ulaini kuliko gari bovu la kukodi.

Sasa nije kwenye lililonikalisha kitako. Jerome, pikipiki ile inakula oili, na Fidelis hajui. Au anajua hataki kujua, sijui lipi ni baya zaidi.

Unakumbuka ulivyomkabidhi. Ulichuchumaa pale uani ukamwonyesha kile kioo kidogo ubavuni mwa injini, upande wa kulia, ukamwambia mbele yetu sote: ukiona oili imefika katikati ya kioo usiongeze hata tone, hii siyo kama vipikipiki vya bodaboda, ukiijaza kupita kiasi unaiua. Mdogo wetu alilishika neno hilo kama katekisimu. Kila asubuhi anapiga magoti na tochi, anachungulia, anasema ipo katikati, safari. Kijiweni anajisifu kwamba pikipiki ya kaka yake hainywi oili kabisa, na wenzake wanamwitikia.

Ila wakati wa masika stendi yake ya kusimamia ilivunjika. Ikachomelewa, ikavunjika tena. Tangu hapo anaiegemeza kwenye ukuta wa ghala la korosho, imelalia kulia. Basi oili yote iliyobaki humo inakimbilia kulia, kwenye kioo. Hata ingebaki kikombe kimoja, pale ukutani kioo kingekuambia mambo ni shwari.

Nimelijuaje mimi, mtu wa jembe na sufuria? Juma lililopita nilitaka kufagia nyuma yake, kulikuwa na maganda ya korosho. Nikamwita jirani yetu Fakihi anishikie. Alipoisimamisha wima, mimi nimeinama na ufagio, macho yangu yakaangukia kile kioo. Kilikuwa kitupu, Jerome. Cheupe, unaona mpaka chuma cha ndani. Nikamwambia Fakihi aiegemeze tena. Oili ikaja taratibu ikasimama katikati, pale pale unapopataka. Tukarudia. Fakihi akatema mate chini, akasema, “Dada Lusia, hii kitu itamtupa mtu.”

Chini hakuna tone. Ningeliona, uwanja ule naufagia kila siku. Inaondoka kwa kuungua. Asubuhi akiiwasha inatoa moshi wa bluu na harufu yake inaingia mpaka jikoni, uji wote unanuka. Bomba la moshi mdomoni limekuwa jeusi, lina utelezi. Na siku hizi akiwa bado mbali naisikia inavyokuja: ndani ya ule mngurumo kuna kitu kinagonga, kikavu, kama mtu anapiga mlango usiofunguliwa. Mbuzi wamezoea. Mimi moyo wangu haujazoea.

Nilimwambia siku ile ile. Alicheka! “Dada, wewe na injini wapi na wapi?” Nikamwambia basi isimamishe wima uone kwa macho yako. Hataki. Anasema amekuwa akipima hapo hapo ukutani tangu masika na haijamwangusha, na wewe ulisema kioo ndicho mwamuzi. Nikanunua chupa ya oili kule Nangurukuru. Akanifokea, Jerome, mimi niliyembeba mgongoni! Eti nataka kuua mali ya kaka yake. Ningeimimina kwa siri, Mungu ananiona, lakini kizibo chake kinataka spana, na spana ile haitoki mfukoni mwake hata akilala.

Lililonitia hofu kweli ni msiba wa Likwata, yule kijana wa Miteja aliyekuwa akileta samaki. Yake ilikuwa pikipiki ndogo tu. Ilikauka oili akiwa kwenye lami, mwendo wa kawaida, asubuhi kweupe. Injini ikanoki, tairi la nyuma likagoma kuzunguka papo hapo. Waliomwona wanasema hakupata hata nafasi ya kushika breki. Tulimzika juzi. Fidelis alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza, kisha akarudi nyumbani kwa pikipiki hiyo hiyo, inagonga njia nzima.

Na ile ndogo ilimtupa mtu mmoja. Yako ina pistoni moja kubwa, ikikwama hiyo na tairi limekwama, na mwendo wa Fidelis kwenye lami unaujua. Nyuma atakuwa amekaa nani?

Nimemwomba Stella atangulie Lindi kwa basi, akae kwa shangazi mpaka siku ifike. Amekataa, kwa upole wake ule. Anasema mume wangu alisema nitakwenda na shemeji, nitakwenda na shemeji. Nikamwomba mama aseme naye. Mama naye anasema Jerome ndiye anayezijua mashine. Umeona? Kila nikigonga mlango, nakuta umesimama wewe nyuma yake. Wamekuamini kupita kiasi, na hilo neno lako la kioo lilikuwa sahihi, ila ukuta haukuwemo. Mimi sina sauti hapa. Niambie nifanye nini, au waambie wao.

Ukipiga, usianze na salamu ndefu. Mwambie Fidelis asiiwashe. Aite mtu wa pili, waisimamishe wima, achungulie wewe ukiwa bado hewani, usikate mpaka amekujibu ameona nini. Na Stella mwambie apande basi. Hata akilia, apande.

Mama anakusalimu sana. Fakihi na mkewe Mastura wanakusalimu, na mwanao anasema umletee viatu vya taa. Fidelis pia anakusalimu, anasema nikuandikie kwamba pikipiki inadunda vizuri tu. Nimeandika kama alivyosema.

Mungu akufunike huko chini ya ardhi, akutoe salama kila jioni, na barua hii aisukume mwenyewe.

Ni mimi dada yako, nikupendaye tangu ulipokuwa wa kubebwa,

Lusia.

Nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena. Stella ameamka kiuno kinamkaza, kinaachia, kinakaza. Anasema ni uchovu tu. Basi la Lindi limeshapita. Fidelis ameshafunga mto kwenye siti ya nyuma, na sasa hivi amepiga magoti pale ukutani na tochi yake. Anasema ipo katikati.