Pengo Jeupe kwenye Mstari wa Babu

Kwako Mshauri wa ukurasa wa vijana,

Shikamoo. Nimekuwa nikisoma majibu yako tangu nilipogundua kwamba gazeti analofungia sabuni muuza duka wetu lina ukurasa wako ndani, na leo naona zamu yangu ya kuomba msaada imefika, maana kila mkubwa niliyemuuliza amenijibu lake, na mwisho wa mwezi kazi yangu itaonyeshwa ukumbini mbele ya wazazi wote.

Mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Darasa letu lina wiki, yaani tovuti ambayo sisi sote tunaweza kuiandika na kuirekebisha, na kila badiliko hutunzwa humo hata ukilifuta baadaye. Mwalimu wetu wa kompyuta alimtaka kila mmoja aandike ukurasa kuhusu fundi wa mtaani, nami nikamchagua babu mzaa mama, ambaye huchora mabango ya maduka kwa brashi, kwa sababu nampenda na pia, nisikudanganye, kwa sababu banda lake liko njiani ninapotoka shule.

Babu ana desturi ya kuandika mwaka kwenye kona ya chini ya kila bango, kwa tarakimu ndogo ambazo hata mwenye duka hazioni. Basi nikazunguka nikipiga picha, kwa kinyozi, duka la dawa, ghala la mbao, hata lango la shule yetu, na kwa kutumia miaka ile ya kwenye kona nikatengeneza mstari wa miaka, ule unaousogeza kwa kidole kushoto na kulia, ukigusa nukta picha inafunguka na maelezo yake. Kuupachika ndani ya ukurasa kulinitoa jasho. Mara ya kwanza niliubandika msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, mahali pa maandishi ya kawaida, na badala ya mstari zikatokea alama tupu, mabano juu ya mabano, mpaka jirani yangu wa dawati akasema, "Kumbe babu yako ni hesabu!" Darasa likacheka, nami nikacheka, kisha nikarekebisha, na mstari ulipotokea mzima, ukisogea vizuri, hata mwalimu alivuta kiti.

Siku hiyohiyo nikampelekea babu kwenye simu ya mama. Alifuta rangi kidoleni kwa suruali yake, akaanza kusogeza, akawa anayasema mabango kama watu. "Huyu aligoma kukauka! Na huyu, mwenye duka lake aliikataa rangi nyekundu, kisha akaja kuililia." Alifurahi sana, Mshauri, mpaka akafika kwenye pengo. Mstari ule huacha nafasi kulingana na miaka, na katikati ya maisha ya babu kuna miaka kama tisa isiyo na bango hata moja, kwa hiyo akasogeza, akasogeza, akasogeza, kweupe.

"Mjukuu wangu, mbona hapa nimekufa?" akauliza, huku akitabasamu.

Nikamwambia sikupata bango la miaka hiyo. Akasema, "Kweli, hayapo," akanirudishia simu.

Mwalimu alipoona pengo lile alisema linachosha macho, akanionyesha pa kubonyeza ili nafasi tupu zibanwe. Nikabana, nikampelekea babu tena nikiamini nimetengeneza. Sasa bango la mwisho kabla ya pengo na la kwanza baada yake yakawa bega kwa bega, kana kwamba yalichorwa wiki moja. Babu aliyatazama weee, kisha akasema, "Sasa ndiyo umeikata kabisa miaka yangu. Basi nitoe humo. Sina ugomvi na wewe, mjukuu wangu. Nitoe tu."

Tangu hapo nikipita bandani anaitikia salamu, ananipa brashi nioshe, lakini hanisimulii tena kitu chochote.

Nilimweleza mama alipokuwa akikunja nguo. Akaacha kukunja, akaniambia kwamba miaka hiyo ndiyo bibi alipata kiharusi, akapoteza maneno yote, na babu akafunga banda akamuuguza mpaka alipofariki, mimi nikiwa bado sijazaliwa. "Alikuwa anamwogesha, anamlisha, anamsuka," mama akasema. "Alikuwa anamsuka vibaya, lakini anamsuka." Na kwa kuwa bibi hakuweza kusema, babu alimchorea vibao ili aonyeshe kwa kidole: MAJI. BARIDI. GEUZA MTO. Mama akaenda nyuma ya kabati, akatoa kibao kimoja alichokihifadhi. Kilikuwa na herufi zilezile zenye kivuli kama za duka la dawa, na kimeandikwa SIJAKUKASIRIKIA, NAUMWA TU. Nilitazama kona ya chini. Hakuna mwaka.

Nimekipiga picha. Lakini mstari unataka kila kitu kiwe na mwaka, na nilipojaribu kuacha mwaka wazi, picha iliruka hadi mwanzo kabisa, kabla babu hajazaliwa. Nikabuni mwaka wa katikati, picha ikakaa vizuri pale penye pengo, ila sijaihifadhi. Mama anasema, "Ukimuuliza atakataa. Weka tu, aone siku hiyo, atafurahi." Mwalimu anasema hakuna ukurasa utakaoushinda huu. Mimi kuna wakati namwona babu ukumbini akijifuta machozi ya furaha, halafu namwona akiinuka na kutoka bila kunitazama, na sijui yupi ndiye wa kweli. Niiweke picha, nisiiweke, au nimtoe babu kama alivyosema? Sitaki kumpoteza kwa sababu ya kazi ya shule.

Ni mimi,
Mjukuu wa Mchora Mabango

*

Mjukuu,

Marahaba. Una moyo mzuri na umeandika vizuri, kwa hiyo nitakugombeza kidogo tu.

Babu yako alikuuliza swali. "Mbona hapa nimekufa?" Alilisema kwa utani, kama wazee wanavyosema mambo mazito, na wewe ukamjibu habari za mabango. Kisha ukaenda kutafuta jibu kwa mwalimu, ukalitafuta kwa mama, sasa unalitafuta gazetini. Mtu pekee ambaye hujakaa naye ukamsikiliza ni yule aliyeuliza.

Nisalimie mama yako, na umwambie kwamba "ukimuuliza atakataa" ndiyo sababu hasa ya kumuuliza. Kibao kile hakikuchorwa kwa ajili ya wazazi wa darasa zima. Kilichorwa kwa ajili ya kidole cha mgonjwa mmoja, na msomaji wake alikuwa mume wake. Sasa mweke mzee huyo kiti cha mbele, umwangushie maneno hayo ukutani, makubwa kama mlango, watu wakipiga makofi. Unajua atafanya nini? Hatalia wala hatatoka. Atatabasamu, kwa kuwa ana adabu, na wewe utarudi nyumbani ukidhani amefurahi. Tena umesema mwenyewe kwamba wiki yenu hutunza hata kilichofutwa. Ukishaiweka picha hiyo humo, huwezi kuirudisha nyuma ya kabati.

Lakini usikimbilie kumtoa pia. Soma tena barua yako. Alipoliona pengo alitania. Alisema "nitoe" pale ulipolibana mpaka likatoweka. Kwa hiyo leo, kabla ya kufanya lolote, rudi kwenye mstari, ondoa huko kubana, na urudishe nafasi yote ilivyokuwa. Mwalimu akilalamika kwamba macho yanachoka, mwache ayapumzishe.

Kisha nenda bandani. Simu ya mama iache nyumbani. Kibao kifunge kwenye kitambaa, ukibebe kama kitu cha mtu. Mwambie hivi: "Babu, mama amenionyesha hiki. Sijakiweka popote. Nisamehe kwa kuibana ile miaka." Halafu unyamaze. Usimjazie maneno, usimwambie habari za alama wala za ukumbi. Akinyamaza, chukua brashi uoshe. Akinyamaza mpaka jioni, rudi kesho.

Akikubali miaka hiyo ionekane, usitumie nukta yenye mwaka wa kubuni. Kuuguza hakukutokea siku moja. Mistari ya namna hii kwa kawaida hukubali mwaka wa mwanzo na wa mwisho, ikachora utepe kutoka hapa hadi pale. Mwombe mwalimu akuonyeshe mahali pake, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake. Mwanzo na mwisho aseme babu. Maneno ya juu ya utepe aseme babu, hata likiwa neno moja. Picha ya kibao isiingie mpaka atamke yeye mwenyewe kwamba iingie.

Akishikilia kwamba atoke, mtoe kabla ya siku ya wazazi, umwambie mwalimu kuwa mwenye maisha yake amekataa, na upokee alama utakazopewa bila kununa.

Na akisema abaki lakini miaka hiyo isiguswe, iache nyeupe kwa urefu wake wote. Siku hiyo ukumbini, mzazi akisogeza kidole mpaka kichoke, akakuuliza kuna nini hapa, mjibu kwa heshima kwamba miaka hiyo ni ya babu na bibi, kisha msubiri amalize kusogeza.