Nakala Namba Arobaini na Tano

Jumamosi, 3 Mei

Nimepata! Nusu saa nimepiga magoti kwenye lile duka la vitu kuukuu nyuma ya kiwanda cha magodoro, vumbi puani, mgongo unalalamika — na chini kabisa ya boksi, chini ya kanda za mazoezi ya viungo, santuri moja kubwa. Jalada limechorwa kwa mkono: sweta imeanikwa kwenye kamba. Bendi inaitwa Sweta za Mjomba. Sijawahi kuisikia! Mimi, ninayejidai najua kila bendi ndogo ya pop iliyowahi kujirekodi chumbani na kutembeza santuri zake kwenye mfuko wa rambo.

Nyimbo nne tu. Kwenye karatasi ya katikati wameandika kwa kalamu ya wino jina la bendi, na pembeni yake: 45. Nakala namba arobaini na tano! Walikuwa wakizihesabu kwa mkono, maskini.

Dada yangu akasema hicho ni kitu kingine cha kufutwa vumbi humu ndani, na yeye hafuti. Nikaweka sindano. Wimbo wa kwanza, "Ngazi ya Nyuma". Mwanamume anaimba taratibu, sauti nzito, kama mtu aliyeamshwa na hana nguvu ya kulalamika. Anashuka ngazi ya nyuma, viatu mkononi, wasimsubiri. Nikakaa sakafuni. Nimeurudia mara tisa. Dada amefunga mlango wake.

Huyu mtu ndiye atakayeniokoa. Meneja wa redio amenipa hadi mwisho wa mwezi: kipindi changu cha Jumamosi, Santuri Zilizosahaulika, saa nne hadi saa nne na nusu asubuhi, kisipopigiwa simu, nafasi inakwenda kwa bwana wa ufugaji wa sungura. Tangu Januari nimepigiwa simu mbili. Mmoja alitaka namba ya fundi bomba.


Jumanne, 6 Mei

Kazini. Nimekata lenzi kumi na nne, nimeharibu mbili. Daktari wa macho, bosi wangu, kaniuliza ninachoimba ni nini, maana wateja huko mbele wanadhani tuna msiba.

Nimetafuta bendi mtandaoni — patupu. Nimeambulia picha ya gazeti la chuo la miaka thelathini na ushee iliyopita, mstari mmoja: Sweta za Mjomba wametoa nakala mia mbili, wamepiga mara tatu, wameachana. Hakuna majina, hakuna sura. Ndiyo maana nazipenda bendi hizi. Hakuna aliyekulazimisha uzijue.


Jumamosi, 10 Mei

Simu saba! Saba!!

Mlinzi wa benki. Muuguzi aliyetoka zamu. Mama mmoja ameunguza kola ya shati la mumewe kwa pasi akisikiliza, wala hajuti. Wote wanauliza huyo mwimbaji ni nani. Kwa kuwa sijui, nimewatilia chumvi: bila shaka ni mtu mrefu, mpole, aliyeachwa. Aliyeachwa na nani? Hata sijui nilikuwa nayatoa wapi hayo. Kisha nikajigamba kwamba nina nakala namba arobaini na tano kati ya mia mbili, tena nikaitaja kwa sauti ile ya mtu wa makumbusho. Wasikilizaji wameshambatiza mwimbaji jina: Mjomba. "Tupigie tena Mjomba."

Meneja alitabasamu. Sikujua kama ana mwanya.


Jumatatu, 12 Mei

Mteja amenitambua kwa sauti wakati nampima fremu! Kichwa kimevimba. Dada anasema nikiendelea hivi tutabomoa mlango ili nipite.


Jumatano, 14 Mei

Siandiki mengi. Nina aibu.

Saa tano nikaitwa kwenye simu ya duka letu la miwani. Mzee mmoja, karani mstaafu wa posta, mkusanyaji wa santuri. Redio ndiyo iliyompa namba. Akanisifia kipindi kwanza. Halafu akasema kwa upole, "Binti, hata yangu ni nakala namba arobaini na tano."

Nikamwambia haiwezekani, labda yake ni ya kughushi. Nilisema hivyo, kwa mzee wa watu! Akakohoa kidogo.

"Ya mdogo wangu pia ni arobaini na tano. Zote mia mbili ni arobaini na tano, binti. Hiyo ni spidi."

Santuri ndogo ndizo zinazozunguka arobaini na tano kwa dakika. Kubwa huzunguka thelathini na tatu, taratibu zaidi, na ndivyo nilivyoipiga yangu. Kila mtu anajua. Ila bendi changa zenye nyimbo chache zilikuwa zikibana nyimbo zao kwenye santuri kubwa kwa spidi ya ndogo, sauti itoke safi — na hilo pia nalijua! Nimeshalieleza hewani, Februari, kwa dakika sita! Mtu ambaye kazi yake ni kuwasaidia wengine wasome maandishi madogo.

Nyumbani dada ndiye aliyesogeza swichi. Mimi nilishindwa. Akatoka msichana. Msichana! Sauti nyembamba, ana haraka, gitaa zinamkimbiza, dramu zinachekacheka. Maneno ni yaleyale. Kumbe hamkimbii mtu milele. Anashuka ngazi ya nyuma viatu mkononi ili wazazi wasisikie, anakwenda kucheza muziki. Dada alicheka hadi akateleza kutoka kwenye kochi. "Mrefu, mpole, aliyeachwa," akawa anarudia, mbavu hana.

Nimeingia kitandani na viatu.


Alhamisi, 15 Mei

Nimekwenda redioni kukiri. Meneja alinisikiliza akitafuna kalamu. Akaniuliza nani ameumia. Hakuna. Nani amelalamika? Mzee mmoja, kwa adabu. Basi niuchune. Watu wanampenda Mjomba, na karatasi ya kuniongezea mwaka mzima iko mezani kwake, ataitia saini mwisho wa mwezi. Nikisema nimekuwa nikipiga santuri kwa spidi ya kosa, mimi mtaalamu wa santuri, nani atanisikiliza tena? Afadhali sungura.

Nilitaka kumjibu. Nikatazama ile karatasi. Nikasema sawa.


Jumamosi, 17 Mei

Nimempiga tena Mjomba, taratibu. Simu kumi na moja. Sikufurahia hata moja.


Jumatatu, 19 Mei

Leo silali kabla sijaandika yote.

Mchana, duka limetulia, nasafisha mashine ya lenzi. Nje limeegeshwa gari lenye ubao wa shule ya udereva juu. Akaingia mama wa miaka kama sitini, mfupi, koti la mvua, funguo kidoleni. Nikadhani amekuja kupimwa macho. Akasema hapana, macho yake yanaona hadi wanafunzi wanaodhani hawaonekani. Yeye ni mwalimu wa udereva. Jumamosi alikuwa na mwanafunzi barabarani, redio imewashwa chinichini, nilipoupiga ule wimbo. Alimwambia mwanafunzi aegeshe pembeni. Wakakaa pale mpaka wimbo ukaisha, mwanafunzi akidhani amefeli.

"Ule wimbo nimeuimba mimi," akasema. "Nataka kujua nani yule mwanamume."

Jamani. Nilitamani sakafu ipasuke. Nikamweleza yote: boksi, namba, thelathini na tatu, mtu mrefu mpole aliyeachwa. Nikamwomba radhi mara nne au tano. Nilitegemea anikaripie au acheke, na vyote viwili nilivistahili. Hakufanya hata kimoja. Alivuta kiti cha wateja, akakaa mbele ya kile kioo cha kujaribia fremu.

Akaniuliza kama nina uhakika hakuna mtu mwingine kwenye ile santuri. Nikasema nina uhakika, mama, ni wewe, umepunguzwa mwendo tu.

Ndipo akanieleza. Wimbo ni wa kaka yake. Yeye ndiye aliyeutunga, na ndiye aliyepiga gitaa la besi. Alipaswa kuuimba mwenyewe, ila alikuwa mwoga wa watu: alikuwa akiimba jikoni tu, ameupa uso ukuta, tena taratibu vilevile. Siku ya kurekodi akasimama mbele ya maikrofoni na sauti ikagoma. Wakabaki na saa moja ya studio. Dada mtu, yaani huyu mama, akamsukuma kando, akauimba yeye, haraka, kwa kuwa muda ulikuwa unakwisha. Mwaka uliofuata kaka akaugua, akafariki. Hakuna kanda yake. Hakuna hata salamu iliyorekodiwa.

"Miaka yote hii sikuwahi kuicheza ile santuri," akasema. "Nilijua nitasikia sauti yangu mahali pake. Halafu Jumamosi nimemsikia yeye. Ni yeye kabisa, mwanangu. Hata ile pumzi kabla ya kiitikio."

Nililia mbele ya mteja, na hata mteja hakuwa.

Alipotaka kuondoka nikamwambia nimeamua: Jumamosi hii nasema ukweli hewani, liwalo na liwe, na ningefurahi akija. Akasema ana somo saa nne, ataliahirisha. 


Alhamisi, 22 Mei

Nimemwambia Meneja mapema asije akasema nimemvizia. Amekunja uso. Anasema mama aje, apigwe picha, aitwe dada yake Mjomba, yaishe. Akaisogeza ile karatasi ya mwaka chini ya faili, nikiona. Nikamwambia huyo mama hana kaka anayeitwa Mjomba, ana kaka mwenye jina lake. Nikatoka kabla sijaogopa.

Dada kanipigia pasi blauzi. Hajawahi! Nikamkumbusha kwamba redioni sionekani. Akasema anajua.


Jumamosi, 24 Mei

Naandikia mezani studioni. Taarifa ya habari inasomwa chumba cha pili, imebaki kama dakika nne, na nisipoandika nitatoroka.

Amekuja. Koti lilelile la mvua, nywele amezifunga vizuri. Amekaa upande wa pili wa mashine ya santuri, spika za masikio zinamzidi kichwa. Nimemweleza mpango: nakiri kosa, namtambulisha, halafu naupiga wimbo kwa spidi yake ya haki, arobaini na tano, watu wamsikie yeye hatimaye. Nilifikiri hiyo ndiyo heshima. Nimeandika na maneno ya kusema kwenye kadi, yamenichukua jana yote.

Ameisoma kadi. Ameirudisha mezani. Akauliza swichi ya spidi ni ipi. Nikamwonyesha. Nilikuwa nimeshaiweka kwenye arobaini na tano. Ameweka kidole juu yake, hajaibonyeza, ameniangalia.

"Waambie ni mimi," amesema. "Usifiche kitu. Lakini tuanze na yeye."

Akairudisha thelathini na tatu.

Sina kadi ya hilo. Nitawaambiaje? Kwamba hii ni spidi ya kosa, najua ni kosa, na naipiga hivyohivyo? Nimemuuliza jina la kaka yake, ameniandikia hapa pembeni ya ukurasa, kwa herufi kubwa, na chini yake ameongeza: besi na sauti.

Meneja anagonga kioo, anazungusha kidole hewani, anataka nitoke tuongee. Habari za michezo zimeanza, kwa hiyo imebaki dakika moja. Nimegeuza kiti, nimempa mgongo. Mama amefumba macho, na santuri imeshaanza kuzunguka, thelathini na tatu.