Tangu Meza Zigeuzwe

Nyumba ya mlango wa buluu,
Nyuma ya soko la nguo.
Jumapili, baada ya kufua.

Mpendwa Wifi,

Salamu zangu nyingi zikufikie hapo ulipo, zikukute na afya, nguvu, na meno yote uliyoondoka nayo. Kaka yangu hajambo? Bado anakoroma? Usinifiche, maana nimelala naye chumba kimoja utoto wangu wote na ninajua ulichojitakia. Na Kishindo wangu anaendeleaje na shule? Mwambie shangazi yake amemshonea kaptula. Nimemkadiria kwa kumbukumbu tu, kwa hiyo kama itambana alaumu miguu yake iliyokua bila kunitaarifu.

Sisi huku tunakwenda. Mama goti linamsumbua asubuhi, lakini likishapata moto hakamatiki. Kila akipika anasema chumvi imezidi kwa sababu wewe hupo wa kumwonjea. Mimi sijambo. Nimepungua kidogo, ila usianze kunihurumia, nguo zangu zimefurahi.

Utajiuliza kwa nini ninaandika na simu ipo. Simu ipo, wifi, lakini mimi nayo hatuelewani. Hii yangu ya kitochi haina picha, mtandao unakatika, na hata ukikubali tunaumaliza muda wote kwa hujambo, sijambo, watoto, salama, haya. Mara ya mwisho ulipopiga nilikuuliza kama mko salama. Ukanyamaza kidogo, kisha ukasema salama. Kimya kile nimetembea nacho mpaka leo. Ungekuwa mbele yangu nisingeuliza, ningekutazama tu.

Basi nimekaa kitako nikuandikie, na nitakupa habari za kazini kwa kirefu, maana zimekuhusu ingawa hukuwepo.

Meneja wetu wa zamani alistaafu. Aliyekuja ni kijana nadhifu, shati limepigwa pasi mpaka kwenye makwapa, na sisi tumembatiza Bwana Mstari. Unakumbuka tulivyokuwa tumekaa kiwandani, kwenye cherehani zetu: wawili wawili, uso kwa uso, mimi na wewe pale dirishani, na Mzee Chaki katikati na meza yake kubwa ya kukatia vitambaa, anatuona sote. Bwana Mstari alisema mpangilio ule unatupa nafasi ya kupiga soga. Akaamuru meza zote zigeuzwe zitazame mbele, kama darasani. Meza ya kukatia ikasukumwa mbele kabisa, ikaelekezwa ukutani.

Tangu hapo nikawa ninatazama kisogo cha Mama Kola kutwa nzima. Nikakizoea kuliko uso wake. Siku moja nilikutana naye sokoni, akanipita, na sikumjua mpaka aliponipa kisogo.

Wewe unajua kelele za mle ndani. Cherehani zote zikiunguruma, mtu hasikii hata chafya yake. Tulikuwa tunasemezana kwa macho. Nyusi zikipanda, uzi umeniishia. Kidevu kikielekea mlangoni, bosi huyo. Na wewe ulikuwa ukikunja pua hivi, nami ninajua mshono wangu umekwenda mrama, ninaufumua kabla hujasema neno. Sikujua kwamba hiyo ilikuwa raha mpaka ilipoondoka, na iliondoka mara mbili: kwanza ulipofunga mizigo yako, kisha meza zilipogeuzwa.

Ikawa ukitaka kitu unanyoosha mkono. Meneja anakuja, unamwambia, naye anakwenda kumwambia mwenzako, wakati mwenzako yuko mbele ya pua yako. Ukiuliza jambo mara ya pili anakutazama kama umemtukania mama yake. Kwa hiyo watu wakaacha kuuliza. Tukawa tunaitikia kwa kichwa, kila mtu anakwenda kukisia kivyake. Maagizo mengine anayatuma kwenye kundi la simu, na sisi wa vitochi tunayapata yakiwa yamepoa. Yeye mwenyewe akiongea anatembea, anatupa maneno nyuma ya bega huku anasoma simu. Si mtu mbaya, wifi. Anadhani akishasema, basi amesikika.

Tulipata kazi kubwa ya kushona makoti ya wauguzi. Mikono mifupi. Kitambaa kizuri, kizito, cheupe pe. Mara wateja wakabadili mawazo, wakataka mikono mirefu. Bwana Mstari akapita kati ya mashine akilitangaza hilo, akafika kwenye meza ya kukatia, akasema akiwa nyuma ya Mzee Chaki, akampiga begani. Mzee Chaki akageuka, akatabasamu, akaitikia kwa kichwa. Sote tulimwona.

Kisha akakata mikono mifupi. Jora baada ya jora.

Mrefu unaweza kuufupisha, mfupi utaufanya nini? Yalipogundulika, Bwana Mstari alikuwa mwekundu wa macho. Akasema Mzee ametia pamba masikioni kwa makusudi, hataki kuagizwa na kijana. Akamtaka ajieleze. Mzee Chaki akasimama pale ameshika kipande chake cha chaki, anaitazama sakafu. Akapewa mpaka Ijumaa. Aseme sababu, au aage.

Maneno yakaanza. Wengine wakasema ni kiburi, wengine uzee. Mama Kola akasema labda ana mapenzi. Mimi nilishindwa kula. Ni yeye aliyetupokea wote wawili, mimi na wewe, tulipokuwa hatujui hata kutunga uzi kwenye sindano ya mashine. Mle ndani, ukimtoa yeye, hakuna mwingine wa kunikumbusha wewe.

Siku ya pili yake pasi kubwa ikaanguka nyuma ya mgongo wake. Ile ya chuma, wifi, ya kunyooshea mikunjo. Mlio wake ulifanya cherehani zote zisimame. Kuna aliyepiga yowe. Mama Kola aliruka mpaka kiti kikaanguka. Mzee Chaki aliendelea kuchora mstari wake, uso ukutani, taratibu, mpaka mwisho wa kitambaa.

Na hapohapo nikakuona wewe. Nakuapia, nilikuona kabisa, na kikombe chako cha chai kile chenye ufa, unaizunguka meza yake mpaka mbele ndipo umsemeshe. Kila siku. Hata ukiwa umesimama ubavuni pake, ulikuwa unazunguka kwanza. Mimi nilikuwa ninakutania kwamba unanyoosha miguu ili kaka yangu akija kutuchukua akuone ukipita. Kumbe wewe ulijua.

Wakati wa chai nikafanya kama wewe. Nikazunguka, nikabanana na ukuta, nikasimama mbele yake. Nikamuuliza polepole, "Mzee, masikio yamekuacha?"

Alinitazama mdomo, kisha macho. Akaweka chaki chini.

"Yananiacha kidogo kidogo, mwanangu. Zamani nilikuwa ninawaona nyuso, nyuso zilinitosha. Sasa nimepewa ukuta."

"Kwa nini husemi?"

"Nikinyamaza watanifukuza. Nikisema watanionea huruma. Kufukuzwa nitakuzoea." Akatabasamu kidogo. "Wifi yako alijua zamani. Aliniuliza mara moja tu, hakurudia, na hakumwambia mtu. Hata wewe hakukwambia?"

Hukuniambia. Nilitaka kukununia, nikashindwa. Nilisimama pale nikakutamani uwepo. Yaani umekaa mbele yangu miaka yote ile, umeibeba siri ya mtu, na hukujipa sifa hata kidogo.

Sikutaka kumsemea, maana siri ni yake. Nilimwambia tu kwamba Ijumaa nitasimama naye, akitaka kusema au asitake. Kutwa ile na ya kesho yake hakunijibu. Nilikuwa ninatazama kisogo cha Mama Kola, na mbele yake mgongo wa Mzee Chaki, na sikuweza kujua anafikiria nini. Mgongo haukwambii kitu, wifi.

Ijumaa tukaingia ofisini. Mzee alikuwa amevaa koti lake la harusini. Bwana Mstari alianza kuongea akiwa ametazama dirishani, kama kawaida yake, na simu mkononi. Nikamwona Mzee anahangaika, anainama kulia, anainama kushoto, anautafuta ule uso. Mimi nimeuma meno nisiseme. Kisha akaamua. Akaizunguka meza ya meneja, taratibu, akapenya kati yake na dirisha, akasimama mbele yake kabisa.

"Meneja," akasema, "sikusikii. Si leo tu. Siku ile pia sikusikia, nikaitikia kwa kuona haya. Sema tena, ila nitazame."

Nilidhani kijana atafoka. Akaiweka simu mezani, kifudifudi. Akavuta kiti, akamwashiria Mzee akae, naye akakaa mbele yake, magoti yao karibu yagusane. Akasema kitu polepole. Sikukisikia, maana alikuwa amenipa mgongo mimi. Lakini niliuona uso wa Mzee Chaki, na ukanitosha.

Hakufukuzwa. Yale makoti ya mikono mifupi sijui yataishia wapi, meneja anahangaika nayo na waliotuagiza, na hasira zake hazijaisha zote. Ila Jumatatu aliingia mapema kuliko sisi, amekunja mikono ya shati lile la pasi, anasukuma meza. Ya kukatia imerudi katikati. Zetu zimegeuzwa, wawili wawili, uso kwa uso. Mama Kola amenipa mkono kama tumekutana leo.

Sasa nikwambie lililonipata. Niliketi pale dirishani, nikatunga uzi, nikaanza kushona. Mshono ukaenda upande. Nikainua macho kwa mazoea, nikisubiri ukunje pua.

Mbele yangu kulikuwa na binti mgeni, mzuri, mpole, anajitahidi. Akanitabasamia. Nami nikamtabasamia, kisha nikajifanya nimeangusha mkasi, nikainama chini ya meza nikalia mpaka nikatosheka. Tangu meza zigeuzwe nilikuwa ninamlaumu Bwana Mstari kwamba amekuziba nisikuone. Amezirudisha meza zote, na wewe hupo. Kaka yangu alikuoa, wifi, lakini aliyeachwa ni mimi.

Mzee Chaki anakusalimu sana. Anasema kikombe chako chenye ufa hakuna anayeruhusiwa kukigusa. Mama anakusalimu, anauliza kama huko unapata mtu wa kukusuka. Mama Kola anakusalimu na kisogo chake. Nisalimie kaka, mwambie aandike walau mstari mmoja, mkono wake haujakatika. Mbusu Kishindo kwenye lile kovu la paji la uso, yeye atajua ni mimi. Mungu awafunike kwa mema yake, awape riziki na usingizi, na siku moja awafungulie njia ya kurudi kwetu.

Na wewe unijibu kwa barua. Usianze na salama, tafadhali, hiyo nimeshaisikia. Nimekuzungukia, nimesimama mbele yako, ninakutazama. Anza na kile ulichokinyamazia kwenye simu.

Ni mimi, wifi yako wa dirishani,
akupendaye hata pasipo kukuona.