Maji Moto Chini ya Kitanda cha Nsimire

Papa Nsimire,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya gari kwa sababu ndani hakukaliki. Sakafu imelowa, godoro la mtoto nimelisimamisha nje ukutani likauke, na jua la Goma nalo leo limeamua kujificha. Ungekuwa hapa ungeniambia, "Mama Nsimire, punguza maneno, unipatie tochi." Tochi ipo. Wewe ndiye haupo.

Tangi lako la maji moto limevuja. Nilitaka nianze kwa salamu kama watu wenye adabu, nikwambie wote wazima, lakini sisi si wazima, na wewe ulikuwa hupendi mtu anayezunguka mbuyu wakati maji yanamwagika.

Unakumbuka walivyokucheka uliponunua gari hili? Wale watalii waliokuja nalo, wakilala humo na kupika humo, injini iliwafia kwenye barabara ya Rutshuru. Wakaliuza kama chuma chakavu, wakapanda ndege wakaenda zao. Sisi volkano ilikuwa imekwisha kula nyumba yetu, tunalala kwa watu, tunaomba ruhusa hata ya kuchemsha chai. Ukalivuta mpaka kwenye kiwanja hiki cha Keshero, ukalikalisha juu ya mawe meusi, ukasema, "Volkano ilikula nyumba, sasa mawe yake yabebe ingine." Majirani wakalipa jina la ndege isiyoruka. Mimi nililia. Nilisema nimeolewa na mwenda wazimu, na sikusema kwa sauti ya chini.

Mtu mwingine angefungua injini kwanza. Wewe uliingia moja kwa moja chini ya benchi la nyuma, ukatoka na buibui kichwani, unacheka. Ulikuwa umeona tangi la kuchemsha maji kwa gazi. "Hapa juu njo mutoto atalala," ulisema. Ndipo nikaelewa.

Maana damu ya Nsimire ni ile ya SS, ya selimundu, na damu hiyo haipatani na baridi. Baridi ikimgusa inaingia kwenye mifupa, analia mpaka sauti inakwisha, na sisi wawili tunabaki kumkanda miguu na kutazamana. Hospitalini walituambia tumweke penye joto, kana kwamba joto ni kitu tulichokuwa tumekificha kabatini. Wewe ulikwenda ukalitafuta, ukaliweka chini ya godoro lake. Tulikuwa tunawasha gazi kidogo tu jioni, anaoga, kisha tangi linabaki na moto wake, na ubao wa kitanda unapata moto mpaka asubuhi. Tangu alipoanza kulala pale maumivu yalikuwa yanamjia kwa nadra. Akaanza kunenepa. Akaanza kuwa mkorofi kama watoto wa watu.

Halafu vita ikaingia mjini, robinet za maji zikakauka, na watu wote wakashuka ziwani na bidon za kuchotea. Nilikwambia ungoje, milio ya risasi haijaisha. Ukasema, "Mutoto ataoga na nini?" Hilo ndilo neno lako la mwisho kwangu. Vijana walikurudisha kutoka Kituku, kule ufukoni, juu ya chukudu ya mbao ya kubebea mizigo, wewe na bidon zako pamoja. Zilikuwa zimejaa. Maji uliyoenda kumchotea mtoto ndiyo tuliyokuoshea, na hayakuwa hata na moto. Nilimwuliza Mungu kitu siku ile. Bado nangoja anijibu, na sasa nimeanza kuchoka kungoja.

Tulikuzika haraka, kama kila mtu wakati ule. Kilio chenyewe hakikukaa sawa. Kwa hiyo boti zilipoanza tena kutembea, dada yako akavuka kutoka Bukavu akasema kilio cha kaka yake hakiwezi kubaki wazi, lazima tukifunge kama inavyotakiwa. Akaja na kina mama wa shirika letu la parokia. Unawajua. Wakiingia mahali, hata vumbi linasimama. Wakatoa nguo zako, vyombo vyako, vitu vyote ulivyoshika, wakaosha. Mwoshaji haulizi hiki cha nini, anaosha tu, ili kifo kitoke nyumbani. Mimi nilikuwa naosha pamoja nao. Tulikuwa tunaimba. Nitasema ukweli, siku ile nilisikia nafuu kidogo, ya kwanza tangu uondoke.

Dada yako akainua ubao wa kitanda cha Nsimire, akaona pale bomba linapoingia kwenye tangi, kwenye kile kiungo cha shaba mnachokiita raccord. Kilikuwa kimefunikwa na chokaa nyeupe, nene, ile ya maji ya ziwa. Sasa wewe nambie, ni mwanamke gani wa Goma atakayeona chokaa ya ziwa aiache? Sisi tumelelewa kuisugua. Birika likiwa na chokaa, mwenye nyumba anaonekana mvivu. Tukaleta majivu, tukaleta ndimu, tukasugua. Dada yako akasema, "Kaka yangu alikuwa fundi, kazi yake haiwezi kulala na uchafu." Ilitoka shaba inang'aa kama kengele ya misa. Tukagonganisha mikono.

Kesho yake godoro la mtoto lilikuwa limelowa. Nilimgombeza Nsimire nikidhani amekojoa. Akaweka mkono chini ya ubao, akautoa unadondoka maji.

Nikamwita rafiki yako Muzee Déo, mliyekuwa mkifanya naye kazi za mabomba. Alikuja na kale kabegi kake, akalala kifudifudi, akamulika, akapapasa shaba kwa kidole. Kisha akauliza taratibu, "Mama, hapa kulikuwa chokaa. Ilienda wapi?" Nikamwambia tuliiosha. Akafunga macho. "Ile chokaa njo ilikuwa inashika maji," akasema.

Akanieleza. Shaba na lile tangi la alumini haviivani. Kwa miaka shaba imekula meno ya tangi pale kiungo kinapojisokota, mpaka hakuna meno tena, kuna tundu tu. Ziwa lenyewe ndilo lililoziba, tone kwa tone, likajenga ukuta wake mweupe, na wewe ukapata tangi lisilovuja. Sijui kama ulijua. Nadhani ulijua, ndiyo maana ulikuwa hugusi pale. Na mimi nadhani ungeniambia tu siku moja kama ungepata siku hiyo moja.

Déo alijaribu, usimlaumu. Alizungusha nyuzi za filasse na rangi juu yake, akakaza. Ikashika mpaka tulipowasha gazi, maji yalipopata moto yakatoka tena. Akarudi na utepe wa teflon. Akarudi na vipande vya mpira wa gurudumu la pikipiki, akavifunga kwa waya. Kila mara alikuwa ananiambia, "Tuangalie hii," na kila mara tuliangalia, sisi watatu, mtoto katikati yetu, tone moja linakusanyika chini ya shaba, linanenepa, linaanguka. Nimelichukia lile tone kuliko nilivyowachukia watu wenye bunduki. Watu wenye bunduki siwafahamu. Tone lilitoka mikononi mwangu.

Tangi jipya hapa hakuna. Déo ameuliza Murara kote kwa wanaouza vyuma, amewatuma watu mpaka ng'ambo ya mpaka. Kuunga hilo hilo kwa moto haiwezekani, anasema litayeyuka kabla ya kushika. Nilimwuliza kama tunaweza kungoja chokaa ijijenge tena. Alitaka kucheka, akaona uso wangu, akaacha.

Na Nsimire hakungoja. Juzi ubaridi wa lile godoro ulimpata. Ulianza magotini, ukapanda mgongoni. Nilipasha maji kwenye babula, lile jiko letu la makaa, nikamkanda, nikampa dawa, nikampeleka hospitalini mgongoni nikipiga miguu kwenye mawe yale uliyosema yatatubeba. Alikuwa anaita "Papa", si "Mama". Nilimwacha aite. Mimi mwenyewe nilikuwa naita moyoni.

Amerudi. Amelala hapa nyuma yangu, amedhoofika, shavu limeingia ndani. Leo asubuhi Déo amekuja na msumeno wa chuma. Anasema njia imebaki moja, kukata bomba kabla halijafika kwenye tangi na kuliziba, tubaki na maji baridi tu, sakafu isije ikaoza yote na gari likatuangukia. Alikuwa anangoja mimi niseme ndiyo. Nilikaa hapa kwenye ngazi nikatafuta neno lingine. Nilikasirika na wewe, Papa Nsimire, nikasema kwa nini umeniachia nyumba ambayo fundi wake ni wewe peke yako. Kisha nikasema ndiyo. Alipomaliza kukata aliniuliza kama nataka kile kiungo cha shaba, kazi ya mkono wako. Nikamwambia akichukue akauze, hakina la kunifaa.

Basi, hiyo ndiyo habari. Sina nyingine nzuri ya kuichanganya nayo. Watu wa shirika wananiambia nitumaini. Nawajibu asante. Mchana napata la kufanya, lakini jioni gazi haliwashwi, tangi limekufa, baridi ya ziwa inapanda, na mimi namwangalia mtoto huyu nikijua nini kinamngoja.

Sasa sikia jambo moja, kisha nikuache upumzike. Upande wako wa kitanda nilikuwa sijamruhusu mtu yeyote aulalie, hata dada yako alipokuja nilimtandikia chini. Nilikuwa nauweka kwa ajili yako, kama mpumbavu. Kuanzia leo Nsimire analala pale, kifua kwa mgongo na mimi. Sina tangi la kumpa. Nina mwili huu tu, ule uliokuwa ukiusukuma kila usiku ukisema, "Mama, sogea kidogo, unawaka kama babula." Nakuahidi nitawaka. Siku zote nitakazojaliwa, hatalala peke yake kwenye baridi.

Kwaheri, mume wangu. Usitungoje upesi.

Mama Nsimire