Juzuu ya Zuhra

Tashkent, Urusi
20 Novemba 1958

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaikum warahmatullah. Shikamoo mama. Natumai barua hii itakukuta u mzima, wewe na watoto wote wa chuo chako cha Kurani, hata wale wanaojificha chooni wakati wa kudurusu. Mimi sijambo, ila baridi ya huku si ya mchezo. Maji ya kutawadha yanauma vidole.

Usishtuke kuona jina la mji huu. Cairo nimeondoka. Serikali ya huku imenipa nafasi ya kusomea kilimo cha pamba, na Mwingereza hapo nyumbani hajui, wala sitaki ajue. Barua zako zipitishie kwa Boga, yule wa Ukunda, yeye bado yuko Cairo na atanitumia.

Wenyeji wa hapa ni Waislamu, mama, lakini hutajua kwa kuwatazama. Tulipofika tulipelekwa msikitini na mwenyeji wetu wa serikali, tukapigwa picha. Ndani mlikuwa na wazee watupu. Yeye mwenyewe alisimama mlangoni akitazama nani anaingia.

Karibu na bweni langu yuko fundi cherehani, Mtatari, jina lake Mzee Abdurahman. Aliponiona natetemeka alinitilia bitana ya sufu kwenye koti na akakataa malipo. Babake alikuwa imamu kijijini karibu na Kazan. Zama za mfalme wao, imamu hakuswalisha bila hati ya serikali, na ilimpasa amwombee mfalme dua juu ya mimbari. Wakaja hawa wakomunisti, babake akachukuliwa asirudi, mnara ukaangushwa, na mle msikitini yakawekwa magunia ya ngano. Mzee asema mfalme alitaka msikiti uwe wake, hawa wanataka usiwepo.

Anaishi na mjukuu wake, Zuhra, mtoto wa miaka minane. Mzee ameniomba nimsomeshe juzuu ya Amma, ile ya mwisho ya Kurani, kwa kuwa yeye mwenyewe amesahau mengi. Kitabu hatuna, namsomesha kwa niliyohifadhi kwako. Tunakaa jikoni, redio imefunguliwa kwa sauti. Huku ni kosa kumfundisha mtoto dini, na mwaka huu ukali umezidi. Mama, haya yabaki kwako.

Mwanao,
Mbwana


Msambweni
9 Januari 1959

Mwanangu Mbwana,

Waalaikumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Marahaba baba. Sisi tu wazima, mbuzi wamezaa, goti langu linanisumbua lakini mdomo bado una nguvu, waulize watoto wa chuo.

Kwanza nikukemee. Unaondoka Cairo unakwenda kwa Warusi, na mamako anajua baada ya kufika? Haya, yamepita. Nilipofika pale pa Zuhra nililia, nisikufiche. Wewe uliyekuwa ukinikimbia na juzuu mkononi mpaka ufukweni, leo ni mwalimu.

Hayo ya ruhusa tunayajua hata sisi. Mwaka jana kwa maulidi wazee walipanda Kwale kumwomba bwana D.C. kibali, kwa sababu ya hii Hali ya Hatari, na polisi wakaja kukaa nyuma ya mkeka wa mwisho. Lakini kibali tulipewa, na kasida tukasoma.

Tulipomfanyia marehemu babako shughuli yake ya kila mwaka, tulisoma khitma, tukala wali, na katika dua nilitaja jina la Mzee Abdurahman. Sikueleza ni nani. Nikasema ni mtu aliyemfunika mwanangu.

Sasa, mtoto hasomi bila kitabu. Nimempelekea Boga kifurushi, kwa mkono wa baharia wa hapa. Mna kofia niliyomshonea mzee mwenyewe, vito vyake, vile vitundu vya urembo, vimenimaliza macho, na juzuu ya Zuhra. Nimeitayarisha kama ninavyowafanyia watoto wangu wote, ili isipotee. Mwambie Zuhra asikunje kurasa.

Mamako,
Mwanasha


Tashkent
16 Machi 1959

Mama,

Assalaam alaikum. Shikamoo. Mimi mzima. Nimefunga Ramadhani, ingawa mezani wananitazama sahani.

Kifurushi kilifika bwenini kimefunguliwa. Kofia imo, juzuu haimo. Kesho yake niliitwa ofisini. Walikuwa watu wawili, mmoja simjui. Waliniuliza Zuhra ni nani, na mimi ni mwalimu wa nini. Walikuwa wapole mno, mama, wakanipa chai ilhali wanajua nimefunga.

Sikumtaja mtu. Lakini jina la mtoto walikuwa nalo kabla sijafungua kinywa, na la babu yake pia. Niambie, kwenye ile juzuu uliandika nini?

Cherehani ya mzee sijaisikia tangu juzi.

Mwanao,
Mbwana


Msambweni
22 Aprili 1959

Mwanangu,

Assalaam alaikum. Idi ilikuja ikapita, sikuonja hata biriani ya jirani yetu Biasha.

Umesahau ninavyofanya? Kila juzuu inayotoka kwangu naiandika ukurasa wa kwanza: jina la mtoto, jina la mlezi wake, jina la mwalimu wake. Hata yako niliiandika hivyo. Niliandika, Juzuu hii ni ya Zuhra, mjukuu wa Mzee Abdurahman fundi cherehani, mwalimu wake Mbwana bin Chirau. Niliandika kwa herufi za Kiarabu, kwa mwandiko wangu mzuri. Nilidhani huko hakuna anayezisoma isipokuwa watu wetu.

Uliniambia yabaki kwangu, nami nikayatia wino. Sikukusudia, mwanangu. Mkono umezoea.

Wiki iliyopita alikuja mtu kutoka Kwale, suruali imepigwa pasi. Akauliza uko wapi. Nikasema Cairo. Akatabasamu, akasema mama, hata Cairo kuna posta, na barua hupita kwetu. Naogopa huku na naogopa huko. Rudi nyumbani. Kama huwezi kurudi, nijulishe habari za mzee na za mtoto. Usiku nalala na majina yao.

Mamako,
Mwanasha


Tashkent
30 Juni 1959

Mama,

Mimi ni mzima. Masomo yanaendelea vizuri na walimu wanatusaidia sana.

Fundi uliyemuulizia hayupo. Dukani pake sasa panauzwa viatu. Nilimuuliza mwenye duka, akasema hapo hapakuwahi kuwa na fundi. Mtoto amepelekwa shule ya bweni mbali na hapa, ambako watoto hulelewa vizuri.

Kofia ninayo mimi. Mwenyewe hakupata kuivaa.

Nitahamishiwa mji mwingine, anwani sijaijua. Usiniandikie mambo ya zamani. Koti ninalo, linanitosha.

Mbwana Chirau,
Mwanafunzi


Msambweni
3 Septemba 1959

Mwanangu,

Nimepata barua yako. Niliigeuza nyuma na mbele nikitafuta salamu, nisiione. Nimefahamu. Nami leo naandika hivi hivi bila salamu, mara ya kwanza tangu nijue kushika kalamu, na Mungu anajua kwa nini. Boga asema anwani mpya bado hajaipata, ataishika hii mpaka utakapomwandikia.

Sisi ni wazima. Mbuzi ni wazima. Mvua zilikuwa za kutosha na muhogo umekubali.

Ijumaa iliyopita palikuwa na shughuli hapa nyumbani, kama ile ya babako. Watu walikuja, tukala wali. Ilipofika pale pa kutaja jina nilinyamaza, na watu wakaningoja. Biasha akaninong'oneza, hii ni ya nani? Nikamwambia ni ya fundi wa nguo. Hakuuliza zaidi, ila alilia pamoja nami.

Chuo kinaendelea. Kalamu ya wino nimeiweka juu ya kabati. Juzuu zote nimezibandua ule ukurasa wa kwanza, hata ile yako ya utotoni. Sasa kila asubuhi watoto wanagombana mlangoni, hii yangu, hapana hii yangu, na hakuna anayeweza kuonyesha. Nami nakaa kwenye mkeka nawasikiliza, nawaacha wagombane.

Mamako